Tristan da Cunha: kisiwa cha kungoja bahari itulie

Mreno Tristão da Cunha, ambaye msafara wake uliichoma Barawa, mji wa pwani ya Somalia, mwaka 1507, ndiye aliyekiona kisiwa hiki mwaka 1506, akiwa njiani kuja huku kwetu. Hakushuka. Bahari ilikuwa imechafuka, akapita, akaacha jina.

Bahari hiyo bado haijabadilika tabia. Kisiwa ni mlima wa volkano uliochomoza katika Atlantiki ya Kusini, zaidi ya mita 2,000 kwenda juu, na ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Uwanja wa ndege hakuna. Kutoka Cape Town ni kama kilomita 2,800, meli huchukua wiki hivi, na ukifika waweza kukaa chomboni siku kadhaa ukiitazama nchi kavu kwa macho tu. Wakazi hawafiki 300, wote katika kijiji kimoja, Edinburgh of the Seven Seas, kwenye kipande cha tambarare chini ya majabali.

Mvuvi wa Lamu anajua kusi ikiisha kuna maleleji, utulivu wa kati ya pepo, kisha kaskazi. Tristan iko nyuzi 37 kusini, kwenye ukanda wa pepo za magharibi, na pepo hizo hazina likizo. Mvua hunyesha mwaka mzima. Baridi si ya kugandisha kijijini, ila kileleni theluji huanguka.

Kwa hiyo karibu uchumi wote hutegemea asubuhi tulivu. Bahari ikikubali, chuma hugongwa alfajiri kijiji kizima kisikie, mashua zitoke kutega kambakoche. Jioni kazi huhamia kiwandani, na shehena iliyogandishwa husafirishwa hadi Marekani na Japani. Stempu nazo, zinazonunuliwa na wakusanyaji, huleta fedha kidogo. Chakula cha nyumbani ni viazi, vinavyolimwa ndani ya kuta za mawe zinazovikinga na upepo. Ardhi ni ya wote, mgeni hauziwi, na hata idadi ya ng'ombe kwa kila kaya ina kikomo. Malisho yenyewe ni hayo hayo.

Mwaka 1961 volkano ililipuka ubavuni mwa kijiji. Lava ilifunika kiwanda cha kambakoche pamoja na ufuo wa kupandishia mashua, na watu wote wakapelekwa Uingereza. Mwaka 1963 wengi wao walirudi. Bandari ndogo iliyojengwa baadaye kando ya lava hiyo inaitwa Calshot, jina la mahali walipokaa Uingereza wakingoja kurudi.