Kiongozi akifariki, jina la kikundi linabaki kwa nani?

Msimu wa harusi na sikukuu ukikaribia, malalamiko kuhusu vikundi vya muziki hapa Zanzibar ni yale yale. Mtaa mmoja una mabango mawili, jina la kikundi ni moja, waimbaji mbali mbali. Mwenye shughuli ameshatoa arubuni kwa sauti anayoijua, na usiku wenyewe anapanda jukwaani mtu mwengine.

Pande zote mbili huja na karatasi mkononi, na mara nyingi si karatasi inayohusika. Cheti cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU) kinahusu ruhusa ya kufanya sanaa. COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, inashughulikia hakimiliki, yaani maneno ya nyimbo, muziki na rekodi. Jina la kikundi halimo humo. Cheti cha jina la biashara kinaonesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Barua ya sheha, kwa heshima zote, ni utambulisho. Ama ukurasa wa Facebook, hata uwe na wafuasi laki moja, si usajili wa chochote. Kinachompa mtu haki ya kipekee juu ya jina ni usajili wa alama ya biashara, chini ya sheria ya Zanzibar ya mwaka 2008 inayosimamia alama, hataza (haki za uvumbuzi) na michoro ya viwandani. Unafanyika kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA).

Alama za biashara si jambo la Muungano. Aliyesajili BRELA, wakala wa usajili wa Bara, Dar es Salaam, amelindwa Tanzania Bara tu, na cheti chake hakivuki kuja Unguja wala Pemba. Cha huku nacho hakivuki kwenda huko. Kikundi kinachopiga pande zote mbili kinasajili mara mbili, na kinaweka kumbukumbu mbili za tarehe: Bara usajili wa kwanza ni miaka 7 kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, huku ni miaka 10 tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa ada, omba upekuzi wa daftari la alama, kuona kama jina limeshachukuliwa. Maombi yanataka jina na anwani ya mwombaji, nakala safi ya alama kama itakavyotumika, na orodha ya bidhaa au huduma kwa madaraja ya kimataifa, ambayo jumla yake ni 45. Burudani ya jukwaani ni daraja la 41, rekodi ni la 9, fulana na kofia ni la 25. Wengi huandika "muziki" na kuishia hapo. Kisha hushangaa fulana zenye jina lao zinapouzwa sokoni Darajani na mtu wasiyemjua.

Maneno kama "Taarab", "Kidumbaki", "Modern" na "Zanzibar" ni ya watu wote. Ukiyaondoa kwenye jina lako, kinachobaki ndicho hasa unachoweza kukidai. Tuchukue jina la kubuni, Upepo wa Kusi. Wanachama walioondoka wakijiita "Upepo wa Kusi Asilia" hawajabadilisha kitu, maana "Asilia" inazidi kumhakikishia msikilizaji kwamba hawa ndio wale. "Pepo za Kusi" nayo haivuki kirahisi. Majina hulinganishwa kwa jicho, kwa sikio na kwa maana, na kipimo ni mteja wa kawaida anayeagiza kikundi kwa simu. Hoja ya "sisi tumeongeza neno" tumeisikia vya kutosha.

Kosa linaloumiza zaidi ni kusajili jina kwa mtu mmoja, kiongozi au mwenye vyombo, "kwa urahisi". Alama ni mali. Ikiwa kwa jina lake, akifariki inaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na mikarafuu, na warithi wanagawana kwa mafungu yao. Wapigaji waliokuwa naye miaka 20 si warithi. Watalazimika kuomba ridhaa ya mjane na watoto, ambao pengine wameshapata mnunuzi, na mnunuzi huyo hana kosa lolote.

Pasipo usajili wala makubaliano hali huwa ngumu zaidi. Uingereza, mwaka 2003, Mahakama Kuu iliamua shauri la bendi ya Saxon, ambapo wanachama wawili wa zamani walikuwa wamejisajilia jina hilo. Mahakama ilisema jina na sifa yake vilikuwa mali ya ushirika wao, si mali ya mwanachama mmoja mmoja, na usajili ule ukabatilishwa. Hukumu hiyo hailazimishi mahakama zetu, ila mawakili wanaweza kuitaja.

Katika vikundi vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 na Mila na Utamaduni tangu 1958. Waimbaji wameingia na kutoka, wengine wamefariki, majina yamebaki, kwa kuwa ni ya klabu. Kikundi chenye katiba kisajili alama kwa jina la kikundi. Kisicho nayo kiandike makubaliano, wasaini wote pamoja na mashahidi wawili: jina ni la nani, uamuzi unapitishwa na wangapi, nani anashika nywila za chaneli ya YouTube, na anayetoka ajitangaze vipi. "Aliyekuwa mwimbaji wa" kwa herufi ndogo chini ya jina lake mwenyewe linavumilika. Kwa herufi kubwa juu ya bango ni ugomvi mpya. Jina likihamishwa baadaye, uhamisho uwe wa maandishi na uingizwe kwenye daftari la Msajili.

Maombi yakikubaliwa hutangazwa, na hapo ndipo pa kupinga. Pingamizi ni la maandishi, lenye sababu, vielelezo na ada, ndani ya muda uliotajwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa ofisa si pingamizi. Vielelezo ni mikataba ya shughuli, risiti, mabango yenye tarehe na kumbukumbu za vikao. Mshika fedha ndiye huwa anavyo, na mara nyingi ndiye aliyeondoka navyo.

Alama ikishasajiliwa, mwenyewe anaweza kuiomba mahakama zuio na fidia, na anayeiga kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai. Kuchana mabango ya wenzenu usiku hakumo katika njia hizo, na aliyechana anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Kwa shauri mahsusi muone wakili. Maelezo haya ni ya jumla.