Je, wajua kwa nini intaneti inakuona uko Dar wakati umekaa Kirumba, Mwanza?

Umefungua barua pepe kwenye simu mpya ukiwa Kirumba, na dakika hiyohiyo linaingia onyo: kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako akiwa Dar es Salaam. Dar hujakanyaga mwaka huu. Wengi hapo hushtuka, hubadili nywila, na wengine hufuta akaunti nzima. Mara nyingi "mtu" huyo ni mwenye akaunti mwenyewe. Mji ulioandikwa kwenye onyo ni ule ambamo kampuni yake ya simu inakutana na intaneti, na kwa laini nyingi za huku Kanda ya Ziwa, mahali hapo ni Dar.

Ndiyo maana pia mtu wa Musoma, Bukoba au Nansio anaonyeshwa matangazo ya maduka ya Kariakoo yanayopeleka mzigo "ndani ya jiji bure", na tovuti ya hali ya hewa inamtabiria joto la pwani huku dirishani kwake kuna upepo wa ziwa.

Kabla ya kueleza inavyotokea, kuna imani tatu zinazopaswa kuondolewa, maana zimeota mizizi.

Ya kwanza ni kwamba intaneti inaona mahali laini iliposajiliwa. Imani hii ina asili yake. Enzi za simu za mezani, namba yenyewe ilitaja eneo: 022 ni Dar es Salaam, 028 ni Mwanza na majirani zake. Namba za simu za mkononi hazina mkoa. Tangu Machi 2017, mteja aliporuhusiwa kuhama mtandao na namba yake, hata tarakimu za mwanzo hazithibitishi tena yuko mtandao gani. Usajili wa alama za vidole na namba ya NIDA unabaki kati yako, kampuni ya simu na mamlaka za serikali. Tovuti iliyoko Ulaya haiuoni. Anayetaka kuhakikisha achukue laini mbili za mtandao mmoja, moja iliyosajiliwa Igoma na nyingine Temeke, aziweke kwenye simu moja kwa zamu, kisha afungue tovuti yoyote inayoonyesha anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wake kwenye intaneti. Kwa kawaida zote mbili zitatajiwa mji uleule.

Ya pili ni kwamba tovuti inauona mnara uliounganishwa nao. Mnara wa Kirumba unaijua simu yako, na kampuni ya simu inaweka kumbukumbu hiyo. Polisi wanaweza kuiomba kwa taratibu za kisheria. Lakini kumbukumbu hiyo haisafiri pamoja na ombi lako la kufungua ukurasa. Kampuni ya barua pepe haijui mnara wako, na haina pa kuuliza.

Ya tatu inawachanganya hata wanaojua simu vizuri: kwamba anwani ya IP na GPS ni kitu kimoja. Ukiwasha huduma ya mahali na kuiruhusu app, simu inasikiliza setilaiti, inatazama majina ya Wi-Fi yaliyo jirani, na inakupata kwa tofauti ya mita chache. Ukiizima, au ukiwa kwenye tovuti ambayo hukuiruhusu, kinachobaki ni anwani ya IP peke yake. Ndiyo sababu simu moja, saa moja, inaweza kukuonyesha kwenye ramani ukiwa Mwaloni mbele ya vizimba vya dagaa, na kwenye barua pepe ukaandikwa Dar es Salaam. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila yanajibu maswali mawili tofauti.

Sasa tuingie ndani. Unapowasha data, mnara haukufungulii intaneti palepale. Mnara unachukua kila pakiti ya data, yaani kifurushi kidogo, unaitia ndani ya bahasha nyingine, na kuipitisha kwenye mkongo hadi kwenye mtambo mkubwa ambao hapa tutauita lango. Kwenye lango bahasha ya nje inavuliwa, na hapo ndipo pakiti yako inapoingia intaneti kwa mara ya kwanza. Anwani ya IP unapewa na lango, mnara hauhusiki. Umbali wa Mwanza hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mkongo ukipinda kufuata barabara na kufika kilomita 1,200, kwenda na kurudi ni milisekunde 12 tu. Huwezi kuzihisi.

Mpangilio huu una faida kubwa. Ukivuka Daraja la Kigongo–Busisi huku unasikiliza redio ya mtandaoni, minara inabadilika njiani, lakini anwani yako haibadiliki kwa sababu imeshikwa na lango. Redio haikatiki. Kama kila mnara ungetoa anwani yake, kila unapohama mnara mawasiliano yangeanza upya. Na kwa kuwa lango ni mtambo ghali unaohitaji umeme wa uhakika, wataalamu na ukaribu na nyaya za baharini, makampuni huweka machache, na aghalabu palipo na makao makuu.

Halafu kuna suala la kuchangia anwani. Chukua shule ya bweni iliyo mbali huko Buchosa ambayo sanduku lake la posta liko Mwanza mjini. Wanafunzi 600 wana S.L.P. moja. Mwanafunzi akiandika barua, karani anaweka juu ya bahasha S.L.P. ya shule na namba ya kumbukumbu, kisha anaandika kwenye daftari lake: namba hii ni ya fulani, bweni fulani. Jibu likirudi na namba ileile, karani anafungua daftari na barua inamfikia mwenyewe. Aliye nje haoni Buchosa wala bweni, anaona S.L.P. ya Mwanza, na akiulizwa mwanafunzi yuko wapi atajibu Mwanza mjini. Na ikija barua ambayo haijibu barua yoyote, bila namba ya kumbukumbu, karani hana pa kuipeleka.

Lango la kampuni ya simu linafanya kazi hiyohiyo. S.L.P. ni anwani ya IP ya umma, namba ya kumbukumbu ni namba ya poti. Kila anwani ina poti 65,536. Kampuni ikiacha zile 1,024 za mwanzo na kumtengea kila mteja poti 1,008, anwani moja inahudumia wateja 64 kwa wakati mmoja. Uchumi wa namna hii umetokana na uhaba. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa kwa mashirika ya kanda. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius.

Kinachobaki ni nani anayeandika "Dar es Salaam". Yapo makampuni yanayouza orodha za anwani na mahali zinapodhaniwa ziko, na MaxMind ya Marekani ni mojawapo ya zinazojulikana zaidi. Hutumia mahali kampuni iliyosajili anwani ilipo, vipimo vya mtandao, na taarifa nyingine, kisha wanakisia. Orodha ya MaxMind inatoa pia kipimo cha makosa: nusu kipenyo cha duara, kwa kilomita, ambamo mtumiaji huenda yumo. Hapa ndipo lawama inapostahili kuelekezwa. Wenye app hulichukua jina la mji na kulitupa lile duara. Mtu anasomewa "Dar es Salaam" kwa uhakika uleule ambao angesomewa salio lake la benki. Ingetosha kabisa kuandika "Tanzania" na kutaja aina ya kifaa.

Madhara ya kulitupa duara yalionekana Kansas, Marekani. MaxMind ilipokuwa haijui anwani iko wapi zaidi ya kwamba iko Marekani, iliiweka katikati ya nchi, kwenye nyuzi 38 kaskazini na 97 magharibi. Hapo pana shamba la watu. Zaidi ya anwani milioni 600 zilirundikwa kwenye shamba hilo, na kwa miaka mingi polisi na watu waliotapeliwa walifika mlangoni kutafuta wezi. Ripoti ya mwaka 2016 ilipofichua jambo hilo, kampuni ilihamishia alama hiyo katikati ya ziwa, ambako hakuna mlango wa kugonga. Huko Pretoria pia, nyumba moja iliangukiwa na alama iliyowakilisha jiji zima, na watu wakawa wanaifuata kudai simu zao zilizoibwa. Kwa hiyo ukiibiwa simu Nyegezi Stendi na mtu akakupa "lokesheni ya IP", usiende nayo kwenye nyumba ya mtu. Hata huduma rasmi ya kutafuta simu huchora duara kuzunguka alama. Duara likifunika mitaa mitatu, halijakwambia nyumba.

Kujipima ni rahisi. Zima Wi-Fi, washa data. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye maelezo ya simu, kisha hali ya simu, utafute anwani ya IP na uiandike. Kisha fungua tovuti inayoonyesha anwani yako na uandike ile pia. Linganisha zile za IPv4, yaani zenye namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Ya ndani ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, na ya nje ni tofauti, basi unachangia S.L.P. na wengine. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hii hasa. Zima data, washa tena: ya nje inaweza kubadilika ukiwa umekaa kwenye kiti kilekile. Ukiona pia anwani ndefu yenye herufi na nukta pacha, hiyo ni IPv6. Hiyo haina haja ya kuchangiwa, lakini nayo hutolewa na lango, kwa hiyo mji utaendelea kukosewa.

Onyo la kuingia kwenye akaunti lisome kwa mpangilio huu: kifaa, saa, kivinjari au app, na mji mwisho kabisa. Kifaa kikiwa ni simu ya aina yako na saa ni ile uliyoingia, tulia. Kikiwa ni kompyuta na wewe huna kompyuta, badili nywila papo hapo, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, na washa uthibitishaji wa hatua mbili. Usilegeze hata kama mji ulioandikwa ni Mwanza.

Kuchangia anwani kunaleta usumbufu mwingine. Mmoja wa wale 64 akituma maombi elfu kwa roboti, Google inaweza kukuomba wewe uchague picha zenye taa za barabarani. Wikipedia ikifungia anwani ya mharibifu, mhariri mwema wa Geita anafungiwa naye.

Wenye maduka wanaolipia matangazo nao waangalie. Ukichagua "Mwanza" pekee, wateja waliozima huduma ya mahali wanaweza kuhesabiwa ni wa Dar na wasilione tangazo lako kabisa. Weka tangazo moja lenye pini na duara la kilomita juu ya mji, na jingine la Tanzania nzima lenye bajeti ndogo, likitaja Mwanza kwenye maandishi na kwenye picha. Lipe kila moja namba yake ya WhatsApp, halafu uhesabu wanaowasiliana kupitia kila namba kwa wiki mbili.

Panapopoteza pesa nyingi zaidi ni kwenye kamera za ulinzi. Fundi anafunga DVR (mashine inayorekodi picha za kamera) na ruta ya laini, anafungua poti kwenye ruta ili simu ya mbali iweze kuingia, anajaribu akiwa kwenye Wi-Fi ya duka, picha zinakuja. Mwenye duka akifika nyumbani Buzuruga, hakuna kitu. Fundi anarudishwa, ruta inabadilishwa, tatizo liko palepale. Simu ya mwenye duka inatuma barua isiyo jibu la barua yoyote, na karani wa Dar, yaani lango, hana namba yake kwenye daftari, kwa hiyo haifiki hata kwenye ruta. Kabla ya kununua chochote, fungua ukurasa wa ruta na usome anwani yake ya upande wa nje. Ikianza na 10 au ikiwa kwenye lile fungu la 100.64, kufungua poti ni kazi bure. Kuna njia mbili: kulipia anwani maalumu ya umma kwa kampuni inayoitoa, au kutumia mfumo wa P2P, ambapo DVR yenyewe inaanza mawasiliano kwenda nje, na mwenye duka anaskani msimbo wa QR uliobandikwa kwenye DVR. Njia ya pili haina gharama ya anwani, ila zote mbili zinakula bando kila unapotazama. Picha kubwa ya megabiti 1 kwa sekunde inamaliza MB 450 kwa saa kwa kamera moja. Mwambie fundi aweke picha ndogo ya kilobiti 256 kwa sekunde, ishuke hadi MB 115 hivi, na rekodi ya ubora wa juu ibaki kwenye diski ya dukani.