Kwa nini Jamhuri ya Dominika inawafukuza Wahaiti kila siku na bado haiishiwi nao?

Tupige hesabu kwanza. Mwaka 2024 idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Dominika ilitangaza kwamba imewaondoa nchini watu zaidi ya 276,000, karibu wote Wahaiti. Uchunguzi wa kitaifa wa wahamiaji wa mwaka 2017 ulikuta watu waliozaliwa Haiti kama 498,000 nchi nzima. Tuseme wameongezeka sana tangu hapo, maana hali ya Haiti imezidi kuharibika. Hata hivyo, kwa kasi hiyo miaka michache tu ingetosha kuwamaliza. Lakini fika leo kwenye mashamba ya ndizi ya mkoa wa Valverde, au kwenye jengo lolote linalopandishwa ghorofa mji mkuu, Santo Domingo, na lugha utakayoisikia kwa vibarua na wabeba zege ni Kikrioli cha Haiti.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza kuisikia Haiti kila siku Juni 2024, polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince kupambana na magenge. Nusu ya pili ya kisiwa hicho haikutajwa sana. Hispaniola ni kisiwa kimoja chenye nchi mbili, Haiti magharibi na Jamhuri ya Dominika mashariki, kila moja ina watu kama milioni 11, na mpaka wa takriban kilomita 390 unazitenganisha. Upande mmoja kuna hoteli za kitalii za Punta Cana, upande wa pili kuna serikali iliyoporomoka. Ukiishia hapo utadhani kisa chote ni maskini kukimbilia kwa mwenye nacho. Si hivyo. Wahaiti waliitwa.

Walioanza kuwaita ni wenye sukari. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na jirani yake kuanzia 1916 hadi 1924. Wakati huo kampuni za sukari, nyingi za Kimarekani, zilikuwa zikipanua mashamba mashariki mwa kisiwa na zikihitaji wakata miwa kwa ujira ambao Mdominika hakuukubali. Baadaye biashara hiyo ikawa ya serikali kwa serikali. Kuanzia 1952 kulikuwa na mikataba rasmi: Haiti inatoa idadi fulani ya vibarua kwa msimu, na upande wa pili unailipa serikali ya Haiti kwa kila kichwa. Rafael Trujillo, dikteta wa Dominika, alikuwa amejimilikisha viwanda vingi vya sukari. Alipouawa 1961 viwanda hivyo vikawa mali ya umma, na toka 1966 vikawa chini ya baraza la taifa la sukari. Kwa maneno mengine, mwajiri mkuu wa Wahaiti kwa miongo mingi alikuwa serikali yenyewe. Jean-Claude Duvalier, dikteta wa Haiti, alipoikimbia nchi yake Februari 1986 mikataba ikafa. Miwa haikuacha kukua kwa sababu hiyo. Kazi ya kuleta watu ilichukuliwa na madalali, wale wanaoitwa buscones, waliowavusha vijana usiku kwa ahadi za kazi nyepesi na kuwashusha kwenye miwa.

Kijiji cha wakata miwa kinaitwa batei: safu za vyumba katikati ya shamba, mara nyingi bila umeme wala maji ya bomba. Mkataji halipwi kwa siku, analipwa kwa tani. Anaingia shambani alfajiri, anakata chini kabisa kwenye shina kwa kuwa sukari nyingi iko huko, anapogoa majani, anakata vipande, anarundika. Kisha anasubiri gari la kubeba. Muwa uliokatwa ukikaa juani unapoteza maji, na ukipoteza maji unapoteza uzito, kwa hiyo gari likichelewa siku mbili hasara ni ya mwenye panga. Mzani unasomwa na mtu wa kampuni. Kwa miaka mingi mkataji hakupewa hata fedha taslimu, alipewa karatasi inayoonyesha tani zake, na duka la hapo kambini likaipokea kwa thamani pungufu. Mtu wa namna hiyo akidhulumiwa anakwenda kumlalamikia nani, naye hana makaratasi?

Kuhusu makaratasi ndipo watu wengi wanapotea njia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Waliokuja kwa mkataba walipewa kitambulisho cha kiwanda kinachoitwa ficha. Hakikuwa kibali cha ukaazi, kilikuwa kithibitisho tu kwamba huyu ni mkata miwa wa kiwanda fulani. Watoto wao walipozaliwa, maofisa wengi wa uandikishaji waliipokea ficha hiyo na kutoa cheti cha kuzaliwa. Katiba ilisema kila aliyezaliwa kwenye ardhi ya Dominika ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa wapita njia. Na mpita njia alikuwa na tafsiri yake: kanuni ya uhamiaji ya mwaka 1939 ilimpa siku 10.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1991 Rais Joaquín Balaguer, akiwa ameandamwa nje ya nchi kwa ajili ya watoto waliokutwa wakikata miwa, alijibu kwa amri ya kuwafukuza Wahaiti wasio na vibali walio chini ya miaka 16 na walio juu ya miaka 60. Angalia aliowaacha. Wenye umri wa kushika panga hawakuguswa na amri hiyo. Sheria ya uhamiaji ya 2004 ikawaweka hata vibarua wa msimu na wasio na vibali kwenye kundi la wapita njia. Mwaka 2007 mamlaka ya uandikishaji ikawaagiza maofisa wake wasitoe nakala za vyeti kwa watoto wa wageni wasio na ukaazi halali. Na tarehe 23 Septemba 2013 Mahakama ya Katiba ikakata shauri: watoto wa wazazi wasio na vibali hawakuwahi kuwa raia, na hukumu irudi nyuma hadi 1929.

Aliyefungua kesi hiyo alizaliwa 1984 huko Yamasá, wazazi wake wakata miwa. Mwaka 2008 alikwenda na cheti chake kuomba kitambulisho cha taifa, ofisa akakichukua kile cheti na hakumrudishia. Wazazi wake walikuwa wameishi nchini miongo kadhaa, lakini kwa mujibu wa mahakama walikuwa wapita njia. Watu wanaokadiriwa kupita 200,000, wengi wao hawajawahi kuikanyaga Haiti, walijikuta hawana nchi. Kelele zilipozidi, bunge likapitisha sheria namba 169 ya mwaka 2014 iliyowarudishia uraia waliokuwa wameandikishwa. Wasioandikishwa wakatakiwa wajiandikishe kama wageni kwenye nchi waliyozaliwa, ndipo baadaye waombe uraia. Katika mpango wa kuhalalisha wahamiaji uliofungwa Juni 2015 walijitokeza watu kama 288,000. Wengi walipata kadi za muda mfupi, kuzihuisha kukawa kazi, na zikawaishia mikononi.

Kwa hiyo tunaposema mhamiaji haramu kule, tujue kwamba uharamu wenyewe una watengenezaji. Mtu aliletwa kwa lori la serikali, akakatia kiwanda cha serikali miwa, akakatwa makato ya hifadhi ya jamii kwenye ujira wake. Leo wazee hao wanaandamana Santo Domingo kudai pensheni, na sababu mojawapo ya kunyimwa ni kwamba hawana kitambulisho.

Kuna la 1937 pia, na haliepukiki. Oktoba mwaka huo Trujillo aliamuru Wahaiti wa maeneo ya mpakani wauawe. Makadirio yanatofautiana sana, kuanzia elfu kadhaa hadi 20,000 na zaidi, wengi wakikatwa kwa mapanga ili ionekane ni wakulima waliofanya. Serikali ya Haiti ikakubali fidia ya dola 750,000, ambayo baadaye ilipunguzwa ikawa 525,000. Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni hili: Wahaiti waliokuwa ndani ya mashamba makubwa ya sukari kwa sehemu kubwa waliachwa. Aliyekuwa na shamba lake dogo mpakani, anayejitegemea, aliuawa. Aliyekuwa mali ya kiwanda alinusurika. Sijui kama kuna maelezo mafupi zaidi ya uhusiano wa nchi hizi mbili kuliko hayo.

Sasa tuwasikilize Wadominika, maana hoja zao si upuuzi mtupu. Kwanza historia: sikukuu yao ya uhuru, Februari 27, haiadhimishi kuachana na Hispania. Inaadhimisha kujitenga na Haiti mwaka 1844, baada ya miaka 22 ya kutawaliwa kutoka Port-au-Prince. Mtoto anakua akijua hivyo. Pili, tangu Rais Jovenel Moïse auawe Julai 2021 Haiti haina serikali ya maana. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 5,600 waliouawa kwenye ghasia za magenge mwaka 2024, na waliohama makwao walishapita milioni moja. Rais Luis Abinader amesema mara nyingi kwamba dunia imeitupia nchi yake mzigo wa Haiti, na hapo ana haki ya kulalamika. Tatu, hospitali: kwa miaka ya karibuni takriban theluthi ya wanaojifungua katika hospitali za umma ni Wahaiti. Mama wa Kidominika anayelala wawili kitanda kimoja hahitaji kuwa mbaguzi ndipo akasirike.

Tatizo ni kinachofanywa kwa jina la hasira hiyo. Oktoba 2024 serikali ilitangaza lengo la kuwaondoa watu hadi 10,000 kwa wiki. Ukishaweka lengo la idadi, askari anatafuta idadi. Anamjuaje Mhaiti barabarani? Kwa ngozi. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani ulilazimika kuwaonya raia wake weusi kwamba wanaweza kusimamishwa na maofisa wa uhamiaji wa Dominika. Ikiwa Mmarekani anaonywa, fikiria Mdominika mweusi aliyeacha kitambulisho nyumbani akienda dukani. Waliokamatwa hupakiwa kwenye malori yenye vizimba vya chuma, hupitishwa kituo cha Haina nje ya Santo Domingo, kisha husukumwa nje kwenye lango la mpakani la Dajabón au Elías Piña. Aprili 2025, siku chache baada ya wazalendo kuandamana karibu na Punta Cana wakidai Wahaiti waondolewe mtaa wa Friusa, Abinader alitoa hatua 15. Mojawapo iliwaagiza wahudumu wa hospitali za umma wamdai mgeni kitambulisho, uthibitisho wa kazi na wa makazi. Asiye navyo anatibiwa, halafu anaondolewa. Siku ya kwanza tu wanawake na watoto zaidi ya 130 walirudishwa mpakani, wakiwemo wajawazito na waliotoka kujifungua.

Basi ile hesabu ya mwanzoni inaharibikia wapi? Inaharibikia kwenye kuhesabu safari kana kwamba ni watu. Mwanamume anashushwa Ouanaminthe, mji wa Haiti ulio mpakani, siku ya Jumanne, anakopa, anamlipa dalali na askari wa vizuizi, na baada ya muda yuko tena kwenye zege. Akikamatwa tena anahesabiwa tena. Kila mzunguko una wanaoufaidi: dalali, askari mla rushwa, mwenye kukopesha. Na mwajiri pia. Mashirika ya haki za wahamiaji yamepokea malalamiko ya vibarua waliokamatwa kazini siku ya malipo inapokaribia, jambo ambalo kwa mwenye kazi ni nafuu kubwa. Hata mwajiri asipoita polisi, hofu inamfanyia kazi. Anayejua kwamba neno moja kwa polisi linaweza kumpeleka mpakani haombi nyongeza, haombi bima, haendi mahakama ya kazi.

Sheria ya kazi ya Dominika inataka wafanyakazi 80 kati ya 100 katika kila kampuni wawe raia. Ingefuatwa kwa dhati, mashamba mengi na kampuni za ujenzi zingefungwa kesho yake. Operesheni za mwishoni mwa 2024 zilipopamba moto, wakulima wa ndizi na wajenzi ndio waliolalamika kwanza kuhusu upungufu wa watu, wakaomba vibali vya muda. Hawa ndio hao hao ambao kwa miaka hawakuwatafutia vibarua wao vibali vyovyote. Marekani nayo ilicheza pande zote mbili: Novemba 2022 ilizuia sukari ya Central Romana, kampuni kubwa ya sukari ya Dominika, kwa madai ya kazi za kulazimishwa, na Machi 2025 ikaondoa zuio hilo.

Wadominika waliohamia ng'ambo, wengi wakiwa Marekani, walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2024. Wanajua vizuri maana ya kuwa mgeni anayefanya kazi ambazo wenyeji hawazitaki, na wapo walioondoka bila viza, kwa mashua za mbao kuvuka mlango wa bahari wa Mona kuelekea Puerto Rico.

Mtu akitaka kujua kama serikali imeamua kweli kuachana na mikono ya Wahaiti, asihesabu malori. Aangalie kama ujira wa kukata miwa na kubeba zege umepanda kiasi cha kumvuta Mdominika, kama mashine za kuvuna zimenunuliwa, na kama kuna mwajiri mkubwa aliyewahi kupelekwa mahakamani. Kwa sasa mwajiri anaomba vibali, serikali inaongeza malori, na ukuta ulioanza kujengwa mpakani Februari 2022 unaendelea. Wanaoujenga, kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari, ni pamoja na vibarua wa Kihaiti.