Lumeni ni nini, na zinakusaidiaje kuchagua taa ya baiskeli ya mlimani usiku

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, ukihesabiwa wote, wa mbele na wa pembeni. Ndiyo namba inayochapishwa kwa herufi nene kwenye boksi: 800, 1200, 2000. Ni kipimo halali na kina kazi yake, lakini kinajibu swali moja tu, yaani mwanga kiasi gani umetoka. Hakisemi umeangukia wapi. Kwa mtu anayeteremka vijia vya mashamba ya kahawa karibu na Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hilo la pili ndilo linaloamua kama ataliona jiwe mapema au ataligundua kwa gurudumu.

Uganda swali hili halikwepeki. Ikweta inapita kusini mwa nchi, kwa hiyo jua la Kampala huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, mwaka mzima, na baada ya hapo mwangaza wa machweo hudumu dakika 20 hivi. Hatuna zile jioni ndefu za Ulaya. Anayefanya kazi mpaka saa 11 na anataka kuendesha baiskeli siku za kazi ataendesha gizani, apende asipende.

Ili lumeni zieleweke, zinahitaji mwenzake: luksi. Luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani, na luksi 1 ni lumeni 1 iliyotua kwenye mita 1 ya mraba. Chukua debe moja la mtama. Ukilimwaga kwenye tuta dogo, mbegu zitarundikana; ukilitawanya kwenye ekari nzima, utatafuta mbegu kwa shida. Debe ni lilelile. Vivyo hivyo, lumeni 1000 zikisambazwa sawasawa kwenye ukuta wa mita 10 kwa 10 zinatoa luksi 10, na zikibanwa kwenye mita 2 kwa 2 zinatoa luksi 250. Kwa hiyo taa mbili zenye namba ileile kwenye boksi zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa barabarani, moja ikikuangazia migomba ya kushoto na kulia, nyingine ikitoboa giza mbali kwa mwale mwembamba.

Ukali wa huo mwale kuelekea upande mmoja hupimwa kwa kandela, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya kandela kwa umbali mara umbali, utapata luksi. Taa yenye kandela 2500 inatoa luksi 25 kwa mita 10, luksi 4 kwa mita 25, na luksi 1 tu kwa mita 50. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unapungua mara nne. Hapa pia ndipo penye siri ya yale maneno "huangaza mita 100". Katika kiwango cha upimaji kinachofuatwa na watengenezaji wengi makini, kiitwacho ANSI FL1, umbali huo unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki luksi 0.25, ambao ni kama mwanga wa mbalamwezi ya mwezi mpevu. Taa yetu ya kandela 2500 inafika hapo kwenye mita 100 kamili. Mwanga wa mbalamwezi unatosha kujua kwamba njia inaendelea. Hautoshi kutofautisha mzizi na kivuli cha mzizi.

Basi unahitaji kuona vizuri umbali gani? Hesabu kwa mwendo wako. Kwa kilomita 20 kwa saa unakata mita 5.6 kila sekunde. Ukichukua sekunde 1 na nusu kuona, kuamua na kubana breki, umeshatembea mita 8. Kwenye udongo mlegevu, breki zenyewe zitataka mita nyingine 5 hivi. Jumla ni mita 13 au 14. Ongeza mwendo uwe kilomita 30 kwa saa, na jumla inaruka hadi mita 24 au zaidi. Huo ndio umbali ambao mwanga wako unapaswa kuwa na nguvu ya kweli. Mwendo wa usiku unapangwa na taa, si na miguu, na anayetaka kushuka kwa kasi anunue taa ya kuruhusu kasi hiyo.

Kwa vijia vya mlimani na msituni, naona lumeni 800 hadi 1200 za kweli kwenye usukani, kwa mwale mpana, zinatosha watu wengi, pamoja na 500 hadi 800 kwenye helmeti kwa mwale mwembamba kidogo. Zaidi ya hapo faida inapungua haraka, kwa sababu jicho halihesabu mwanga kama mashine. Ukitoka lumeni 1000 kwenda 2000 hutaona mwanga mara mbili. Ili jicho likubali kwamba mwanga umezidi maradufu, unahitaji karibu mara nne au hata zaidi. Pesa hiyo ni bora iende kwenye taa ya pili, na sababu yake ni kivuli.

Kivuli ndicho kinachoiambia akili yako kwamba kitu kimeinuka au kimezama. Jaribu nyumbani. Weka jiwe la ukubwa wa ngumi uani, simama hatua tano kutoka hapo, washa tochi ya simu na uishikilie kwenye paji la uso, katikati ya macho. Jiwe utaliona, lakini litaonekana bapa, maana kivuli chake kimejificha nyuma yake na jicho lako liko palepale mwanga unapotokea. Sasa shusha tochi hadi kiunoni bila kusogea. Kivuli kinachomoza nyuma ya jiwe, kirefu, cheusi, na papo hapo unajua jiwe lina kimo gani. Fanya hivyohivyo na shimo dogo: tochi ikiwa juu, shimo ni sehemu ya ardhi iliyofifia kidogo, tochi ikiwa chini, ukingo wa karibu unatupa weusi ndani na shimo linajitangaza.

Taa ya helmeti iko juu, karibu na macho, kwa hiyo inaangaza vizuri lakini inasawazisha kila kitu. Taa ya usukani iko chini ya macho, kwa hiyo inatoa vivuli. Ukiifunga chini zaidi, kwenye uma wa gurudumu la mbele, vivuli vinakuwa virefu kupita kiasi na kila kokoto linafanana na mtaro. Usukani ndio mahali pake. Lakini usukani una upungufu wake: unaangaza gurudumu linakoelekea, wakati kwenye kona kali ya mteremko unahitaji kuona unakotaka kwenda kabla hujageuza gurudumu. Huko shingo ndiyo inayofanya kazi, na taa ya helmeti inaifuata. Gurudumu la mbele likinyanyuka kupita gogo, taa ya usukani inaangaza matawi, ya helmeti inabaki chini kwenye njia. Ndiyo maana zinakwenda pamoja. Kama mfuko unaruhusu moja tu, mimi ningeanza na ya usukani, ila kwa anayeendesha zaidi kwenye vijia vya kupindapinda kama vya msitu wa Mabira, sitabishana naye akianza na ya helmeti.

Helmeti ina tatizo jingine, nalo ni ukungu. Kwenye miteremko ya Rwenzori na ya Elgon ukungu unashuka jioni bila taarifa. Kila tone dogo la maji hewani linarudisha mwanga kule ulikotoka, na kwa taa ya helmeti, ulikotoka ni kwenye macho yako. Unaona pazia jeupe. Punguza au zima ya helmeti, ubaki na ya usukani. Vumbi la kiangazi nyuma ya mwenzako linafanya vilevile, kwa hiyo mwachie nafasi. Na msimu wa senene ukifika, kumbuka wanavyonaswa Masaka: kwa taa kali na mabati. Taa iliyo juu ya paji la uso wako inawaita wadudu hao usoni. Vaa miwani isiyo na rangi.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Taa nyingi za bei nafuu ziko kwenye 6000 hadi 6500, mweupe unaoelekea ubuluu, na mwanga wa aina hiyo mara nyingi ni haba upande wa wekundu. Kwa ardhi yetu hilo lina uzito wake. Udongo mwekundu, majani makavu na mizizi ya kahawia chini ya mwanga huo huelekea rangi moja ya kijivu. Ukipata taa ya kelvini 4000 hadi 5000 ichukue, hata ikiwa lumeni zake ni chache kidogo. Utatofautisha tope na udongo mkavu mapema zaidi.

Sasa betri, na hapa ndipo wanunuzi wanapodanganywa kweli. Betri inayotumika kwenye taa nyingi hizi ni ile ya duara iitwayo 18650, kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Ina volti 3.6, na iliyo nzuri inabeba mAh (milliampea-saa) 3000 hadi 3600, yaani ampea-saa 3 hadi 3.6. Zidisha: ampea-saa 3 mara volti 3.6 ni wati-saa 10.8. Upande wa taa, LED nzuri, ukiondoa hasara za njiani, inatoa takriban lumeni 100 kwa kila wati 1. Kwa hiyo lumeni 1000 zinakula wati 10 hivi, na betri moja itakupa kama saa 1. Kifurushi cha betri nne kitakupa kama saa 4. Hesabu hiyo haikwepeki kwa ujanja wowote wa kiwandani.

Chukua basi tochi yenye betri moja ya aina hiyo, iliyoandikwa lumeni 10,000 kwa saa 5. Lumeni 10,000 zinataka wati 100; kwa saa 5 ni wati-saa 500. Betri iliyomo ina 11. Boksi linasema uongo, na wala huhitaji kuifungua taa ili ujue. Vilevile 18650 iliyoandikwa mAh 9900 iache dukani. Uwezo huo haumo kwenye umbo hilo, na aliyethubutu kudanganya kwenye karatasi ya nje hana sababu ya kuwa mkweli kwenye kinga ya ndani inayozuia betri isishike moto.

Hata namba za kweli zinahitaji kusomwa kwa makini. Katika kiwango cha ANSI FL1 lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kudumu huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. "Saa 3" inaweza kumaanisha saa moja na nusu ya mwanga mzuri na saa moja na nusu ya kusindikizwa na kamwanga. Tafuta kama mtengenezaji ametoa mchoro unaoonyesha mwanga unavyokwenda dakika kwa dakika. Joto nalo linahusika. LED hupoa kwa upepo wa mwendo kupitia mapezi ya alumini, na ukipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, upepo huo haupo, kwa hiyo taa inajipunguza yenyewe. Panda kwa mwanga mdogo, uweke ule mkubwa kwa mteremko. Utaokoa chaji pia.

Mvua: uwezo wa taa kuzuia maji huandikwa kwa alama za IPX. IPX4 inavumilia kurushiwa maji, IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. Kwa mvua zetu za Machi hadi Mei chukua iliyo karibu na ya pili. Penye umeme wa kukatikakatika au wa sola, taa inayochajiwa kwa waya wa simu na kukubali kuwaka huku imeunganishwa na pawabanki ina thamani kubwa kuliko yenye chaja yake ya pekee.

Kufika mlimani mara nyingi ni kupitia barabara kuu, na huko kazi ni kuonekana. Taa nyekundu ya nyuma ni lazima, na haihitaji lumeni nyingi. Mwale wa mbele uinamishe, maana wanaotoka sokoni kwa miguu na wenye bodaboda wanaokuja mbele wana macho pia, na jicho lililopigwa na mwanga mkali linahitaji muda mrefu kulizoea giza tena. Zipo taa zinazotengenezwa kwa sheria za Ujerumani, ambazo mwale wake umekatwa upande wa juu ili usimchome anayekuja. Kwa lami ni nzuri sana. Kwa kijia chenye matawi ya usawa wa kichwa hazifai, kwa sababu sehemu iliyokatwa ndiyo ambayo tawi limo.

Ukiwa dukani Kampala, mwombe muuzaji aiwashe taa kwa nguvu zote na aielekeze ukutani sehemu yenye giza. Angalia kama katikati kuna doa kali lenye ukingo uliokatika ghafla, au kama mwanga unafifia taratibu kwenda pembeni. Wa pili ndio unaoufaa usukani. Kisha iache iwake dakika tano mkiwa mnapatana bei. Iguse mwili wake: ikiwa joto limefika nje kwenye alumini, ni dalili njema kwamba halijafungiwa ndani na LED. Piga picha ya ukuta mwanzoni na mwishoni kwa mipangilio ileile ya kamera, uzilinganishe. Na kabla ya kulipa, funga kishikizo chake kwenye bomba lolote la unene wa usukani wako na ulitikise kwa nguvu. Taa ikiinama hapo dukani, kwenye mawe ya Kilembe, huko Rwenzori, itaangalia chini kabla hujamaliza kona ya kwanza.