Dhana potofu kuhusu kumbukumbu za ligi ya besiboli ya mezani

Kila msimu unapomalizika, mameneja wa ligi za besiboli ya kadi na dado, yaani mchezo wa mezani unaoigiza besiboli kwa kadi za takwimu za wachezaji halisi, huniletea takwimu zao nizijumlishe katika kumbukumbu za wakati wote, na kila mara mimi husikia neno lile lile: kwamba jumla zikishaingizwa kwenye kompyuta, karatasi zilizoandikiwa matokeo ya kila mchezo hazina kazi tena. Dhana hii imenichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu hasara yake haina dawa.

Jumla ni zao la hesabu, na hesabu hukosewa. Mwaka 1910 mchezo mmoja wa Ty Cobb, mpigaji wa timu ya Detroit Tigers ya Marekani, ambamo alipata mapigo salama 2 (mapigo yanayomfikisha mpigaji kituoni) katika zamu 3 za kupiga, uliingizwa mara mbili kwenye daftari rasmi. Kosa hilo lilijificha mpaka mtafiti Pete Palmer alipoligundua katika orodha ya mchezo mmoja mmoja, na habari zake zikachapishwa mwaka 1981. Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani iliendelea kushikilia mapigo 4,191 ya maisha yote ya Cobb, ilhali watafiti wengi humhesabia 4,189. Kwa hiyo mpigaji Pete Rose aliposhangiliwa mjini Cincinnati tarehe 11 Septemba 1985 kwa pigo lake la 4,192, kwa hesabu sahihi alikuwa amekwisha kumpita Cobb siku 3 kabla, huko Chicago. Orodha hizo zingetupwa, kosa hilo lisingejulikana hata leo.

Ikiwa hayo yaliwapata wenye makarani wa kulipwa, sisi tunaoandika kwa penseli usiku wa manane tuna kinga gani? Katika Strat-O-Matic, mmoja wa michezo hiyo ya kadi na dado, dado ya kwanza ikionyesha 1 hadi 3, jibu husomwa kwenye kadi ya mpigaji, si ya mrushaji anayemtupia mpira. Hapo ndipo meneja humwandikia mpigaji homurani yake (pigo linalomwezesha kuzunguka vituo vyote) na kumsahau mrushaji aliyefungwa, ambaye kadi yake haikuguswa. Niliwahi kupokea msimu mzima ambao wapigaji walikuwa na homurani moja zaidi ya zile walizofungwa warushaji. Pande hizo mbili lazima zilingane. Niliomba karatasi nikaambiwa zimechomwa, na tofauti hiyo imo katika vitabu vya ligi ile hadi leo. Nasisitiza: linganisha pande zote mbili kabla ya kufunga msimu, kisha piga picha kila karatasi.

Wapo pia wanaotafuta wastani wa maisha wa mpigaji, yaani mapigo salama kugawanywa kwa zamu, kwa kujumlisha wastani wa misimu na kuugawanya. Aliyepata mapigo 10 katika zamu 25, kisha 150 katika zamu 600, hana .325 bali .256, yaani 160 kwa 625. Iningi (vipindi) za mrushaji nazo si desimali, kwani kila iningi ina auti 3, yaani wapigaji watatu wanaotolewa, na tarakimu baada ya nukta ni auti za ziada: 6.2 na 5.2 ni auti 20 na auti 17, jumla 12.1, wala si 11.4 kama kompyuta itakavyokuambia. Hifadhi idadi ya auti peke yake, ugawanye kwa 3 wakati wa kuchapisha.

Mwisho, jina peke yake halimtambulishi mchezaji. Mwaka 2000 timu ya New York Mets ilikuwa na warushaji wawili walioitwa Bobby Jones, na ligi inayocheza kwa kadi za msimu huo bila kumpa kila mchezaji namba yake itawaunganisha wawili hao kuwa mtu mmoja.