Printa ya risiti haina wino: acha kwanza kuongeza weusi

"Fundi, printa imeisha wino." Sentensi hii naisikia karibu kila wiki, na nikiisikia tu najua mambo mawili kabla sijaiona hiyo mashine. Kwanza, ni printa ya joto, ile ya risiti au lebo. Pili, mwenyewe ameshaingia kwenye mipangilio akapandisha weusi hadi mwisho. Printa hii haina wino wala haijawahi kuwa nao. Weusi unaousoma kwenye risiti ulikuwamo ndani ya karatasi tangu kiwandani, ukingoja kupashwa moto.

Uso mmoja wa karatasi hiyo umepakwa tabaka lenye kemikali mbili zinazokaa jirani bila kuchanganyika: moja ni rangi ambayo bado haijajitokeza, nyingine ni asidi hafifu ya kuiamsha. Zikipata joto zinayeyuka, zinakutana, na pale pale panakuwa peusi. Kazi ya kichwa cha printa ni kulileta hilo joto mahali panapotakiwa. Ukikitazama kwa karibu utaona mstari mwembamba unaong'aa kutoka pembe hadi pembe. Huo ni safu ya vipashajoto vidogo mno. Printa ya kawaida ya nukta 203 kwa inchi ina 8 katika kila milimita. Printa ya karatasi ya milimita 80 huchapa upana wa milimita 72, kwa hiyo ina vipashajoto 576 kwenye mstari mmoja, na kila kimoja kinawaka na kuzima kivyake huku rola ya mpira ikiibana karatasi na kuisogeza. Ndiyo mashine nzima hiyo. Wala si kitu kipya: kazi ya kuchapa kwa joto ilifanywa na Jack Kilby na wenzake pale Texas Instruments, na mwaka 1971 kampuni hiyo ikatoa terminali iliyoitwa Silent 700, jina la kujisifia ukimya katika zama ambazo mashine za kuchapa zilikuwa zikigonga kama nyundo.

Sasa, risiti ikitoka hafifu, swali ni moja tu: ni nini kimekaa kati ya joto na karatasi? Mtu anayekimbilia kuongeza weusi ni kama mpishi anayeongeza moto kwa sababu sufuria ina masizi.

Mimi huanza na karatasi, maana ndiyo rahisi. Paruza kucha kwa nguvu juu ya uso wake. Msuguano una joto. Uso wenye dawa utaacha mstari wa kijivu au mweusi, uso wa pili hautaacha kitu. Uso unaoitika kucha ndio unaotakiwa kutazama kichwa. Nimewahi kusafiri nusu siku kwa ajili ya printa "iliyokufa kabisa", nikafungua kifuniko, nikageuza rola ya karatasi, nikafunga. Yule dada wa kaunta hakucheka, na mimi pia sikucheka, ila kahawa alininunulia. Kama karatasi imewekwa sawa lakini mstari wa kucha unatoka hafifu, hiyo ni karatasi dhaifu au iliyokaa muda mrefu kwenye joto na mwanga. Jaribu rola nyingine kabla hujagusa chochote.

Kisha usafi. Zima printa, chomoa umeme, subiri kichwa kipoe. Kikiwa cha moto spiriti inakauka kabla haijafanya kazi, na vidole vyako navyo vitalalamika. Tumia spiriti ya aisopropili iliyo karibu safi kabisa, ile ya asilimia 99 ndiyo naipenda kwa sababu haina maji mengi ya kubaki. Chovya pamba ya kijiti au kitambaa kisichotoa nyuzi, pitisha kwenye ule mstari unaong'aa kutoka katikati kwenda nje, usirudi rudi. Mara ya kwanza pamba itatoka na rangi ya kijivu ya chai iliyochacha. Huo ni unga wa karatasi na mabaki ya lile tabaka la dawa, yaliyoungua yakagandia. Kwa printa za lebo kuna mgeni wa pili: gundi. Inavuja pembeni mwa lebo, inapanda kwenye rola ya mpira, na rola inaipeleka kichwani. Rudia kwa pamba mpya mpaka itoke nyeupe. Usiguse mstari ule kwa kidole, na kisu, bisibisi au msasa usivisogeze hata karibu: tabaka linalovilinda vipashajoto ni jembamba, na mkwaruzo mmoja ni nukta kadhaa zilizokufa.

Rola ya mpira isafishe nayo, ukiizungusha kidogo kidogo. Ikiwa imebonyea upande mmoja, au ina mng'ao mgumu kama plastiki, haibani sawasawa tena na maandishi yatakuwa hafifu upande huo hata kichwa kikiwa kipya. Subiri kila kitu kikauke ndipo uwashe. Mimi nasafisha kila ninapobadilisha rola ya lebo. Kwa risiti hata mara chache zaidi inatosha, kutegemea vumbi la mahali.

Kuna kitu cha tatu ambacho wengi hukiruka: umeme. Printa nyingi za risiti za mezani zinatumia volti 24, na vipashajoto vikiwaka vingi kwa pamoja vinakula umeme kwa mkupuo. Adapta iliyochoka, au ya kuazima yenye plagi inayofanana, itaonekana nzima mpaka ufike kwenye nembo kubwa nyeusi: hapo nembo inafifia, au printa inajizima na kujiwasha katikati ya risiti. Maandishi ya kawaida yakitoka vizuri na maeneo meusi mapana yakitoka mabaya, pima adapta kwanza.

Mistari myeupe inasema mengi, ukijua lugha yake. Mstari mwembamba mweupe unaofuata urefu wa karatasi, mahali pale pale kila risiti, ni nukta iliyozibwa au iliyokufa. Ukisafisha ukapotea, ulikuwa uchafu. Ukibaki, kipashajoto kimekatika na hakuna mpangilio utakaokifufua. Ama unaishi nao ama unabadilisha kichwa. Mistari inayokatiza kwa upana na kujirudia kwa umbali ule ule ni rola ya mpira. Kwenye zile printa za joto zinazotumia riboni, yaani utepe wenye rangi unaopita kati ya kichwa na karatasi ya kawaida, mikwaruzo myeupe ya mshazari ni riboni iliyojikunja, wala kichwa hakina kosa. Sawazisha mvutano wake na upande ulioivalisha.

Nije kwenye mkasa ulionifanya niandike haya. Ghala moja walinipigia kwamba skana hazisomi lebo zao. Walikuwa wameshapandisha weusi mpaka 30, ambao ndio mwisho kwenye printa za ZPL, lugha ya amri ya printa za lebo. Lebo zilitoka nyeusi ti, zikinuka karatasi ya kuungua, na skana zikazidi kugoma. Nilichukua lebo moja nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Pau, yaani mistari myeusi ya msimbopau (barcode), zilikuwa zimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nafasi nyeupe kati yake zilibaki nyuzi tu. Skana haisomi weusi peke yake, inapima upana wa pau dhidi ya upana wa nafasi. Ukizidisha joto, pau zinanenepa na nafasi zinakonda, hesabu inaharibika.

Nikashusha weusi hadi 15. Pau zikapungua, lakini sasa nikaona tatizo la asili, lile lililowafanya wapandishe mwanzoni: pau ambazo zilipaswa kuwa sawa hazikuwa sawa. Msimbopau wao, EAN-13, ule wa tarakimu 13 wa bidhaa za madukani, ulichorwa kwenye kompyuta kama picha, kwa kipimo cha kawaida ambacho pau nyembamba kuliko zote ina milimita 0.33. Nukta moja ya printa yao ilikuwa milimita 0.125. Gawanya: nukta 2.64. Printa haina namna ya kuwasha sehemu tu ya nukta. Kwa hiyo pau moja inapewa nukta 2, jirani yake 3, na skana inachanganyikiwa. Dawa yake ni kuacha kutuma picha, na kuiamuru printa yenyewe ichore msimbo kwa nukta kamili: hapa 3, sawa na milimita 0.375. Mbili zisingefaa, kwani milimita 0.25 iko chini ya kiwango cha chini kinachoruhusiwa, 0.264. Ukiweka na ukingo mweupe wa pande zote mbili, msimbo unakula nukta 339, yaani kama milimita 42.4. Lebo zao zilikuwa na upana wa 50. Zikaingia, na skana zikasoma kwa mlio mmoja. Zingekuwa za 40, ningewashauri printa ya nukta 300 kwa inchi, ambako nukta 4 zinatoa karibu milimita 0.34.

Na kama una nukta moja iliyokufa na bado hujapata kichwa kipya, zungusha msimbopau ili pau zilale sambamba na kichwa, kama vipago vya ngazi. Hapo mstari mweupe utakata pau zote mahali pamoja tu, na skana itasoma sehemu nyingine. Pau zikisimama kama uzio, nukta iliyokufa inaweza kuangukia ndani ya pau moja na kuipasua mbili. Ila punguza mwendo, kwa sababu pau za ngazi zinachapwa kichwa kikiwa bado kina joto la pau iliyopita, na ukikimbia sana zinachuruzika kwa nyuma.

Mwendo na weusi ni ndugu. Ukipunguza mwendo, kila nukta inapata muda zaidi wa kupasha, kwa hiyo weusi unatosha kwa joto dogo. Kanuni yangu ni kutafuta weusi mdogo kabisa unaosomeka, na ukikosa, punguza mwendo kabla hujaongeza joto. Kwenye skrini utakuta maneno "Darkness", "Density" au "Heat". Yote ni kitu kimoja. Joto kubwa linachosha kichwa, na kichwa ndicho sehemu ya gharama kuliko zote mle ndani.

Lebo zikitoka zimepishana, maandishi yakivuka kwenda lebo inayofuata, mara nyingi printa haijui lebo inaishia wapi. Kuna sensa inayotazama mwanga unaopita kwenye nafasi kati ya lebo, na nyingine inayotazama alama nyeusi iliyo mgongoni mwa karatasi. Chagua ile inayolingana na karatasi yako, kisha uiache printa ijipime: kwenye ZPL amri ni ~JC, kwenye mashine nyingi unabonyeza kitufe cha kulisha karatasi kwa muda. Ukibadilisha aina ya lebo, pima upya. Nusu ya malalamiko ya "inaruka lebo moja moja" yanaishia hapo.

Upande wa kompyuta una mitego yake. Risiti ikitoka na karatasi tupu ndefu, draiva, ile programu ya kompyuta inayoongea na printa, bado inaamini ukurasa ni A4. Weka upana wa eneo la kuchapa, milimita 72 kwa karatasi ya 80 na 48 kwa karatasi ya 58. Ukipata kurasa za herufi za ajabu, mara nyingi draiva inaongea lugha ambayo printa haiijui: printa za risiti nyingi zinafuata ESC/POS ya Epson, za lebo zina ZPL, EPL au TSPL. Kabla hujalaumu programu, zima printa, shikilia kitufe cha kulisha karatasi, uwashe huku umekishikilia. Mashine nyingi zitatoa ukurasa wa kujipima wenye toleo la programu yake, lugha, na kama iko kwenye mtandao, anwani ya IP. Ukurasa huo ukitoka safi, kichwa na karatasi ni vizima, tatizo liko njiani au kwenye kompyuta.

Kwa printa ya mtandao, ihifadhie anwani isiyobadilika kwenye ruta. Nyingi zinapokea kazi kupitia mlango (port) 9100. Anwani ikihama usiku, asubuhi kaunta nzima itasema printa imekufa, ilhali imehama chumba tu. Halafu kuna lile tundu la nyuma linalofanana na la simu. Ni la droo ya fedha, na lina volti 24. Usichomeke humo kebo ya simu wala ya mtandao kwa kubahatisha. Niliwahi kuletewa ruta iliyochomekwa hivyo. Printa ilipona.