(a + b)² si a² + b²

Wanafunzi wengi hapa Lamu huamini kwamba kufungua mabano ya (a + b)² ni kumpa kila mmoja kipeo chake: a² + b². Si kweli. (3 + 4)² ni 49, ilhali 9 + 16 ni 25 tu. Zile 24 zimekwenda wapi?

Huwaambia wachore kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe, hatua 7 kila upande. Kila upande waugawe 3 na 4, kisha wapige mistari. Kona mbili zinazokabiliana ni miraba ya 9 na 16. Mbili zilizobaki ni mistatili ya 3 kwa 4: 12 na 12. Ndizo 24 zetu, yaani 2ab! Kanuni bila mchoro huu, naona, ni kumkaririsha mtoto bure.